Kuzama na Kupotea

Anayetaka kuufasiri utungo wa Gerard Manley Hopkins, The Loss of the Eurydice, wa mwaka 1878, hukwama kwenye anwani kabla hajaufikia ubeti wa kwanza. Kwa Kiingereza neno hilo moja hufaa kwa chombo kilichozama na kwa kilichopotea. Kiswahili hakimpi mfasiri nafasi hiyo, sharti achague.

Kwa Eurydice uchaguzi si mgumu. Manowari hiyo ya Uingereza ya kufundishia mabaharia vijana ilikuwa ikirejea kutoka Bermuda, tarehe 24 Machi 1878, ilipopigwa na dhoruba ya ghafla yenye theluji karibu na Kisiwa cha Wight. Walikufa watu zaidi ya 300, wakaokoka wawili. Mwaka huo huo chombo kikainuliwa kutoka chini ya maji. Eurydice ilizama.

Kwa hiyo Hopkins, padri wa Kijesuiti, alikuwa na cha kutazama. Katika beti zake 30 anamtaja nahodha, anamtaja mmoja wa waliookoka, kisha anasimama mbele ya maiti ya baharia asiye na jina, akiusifu mwili wake, ujana wake na utiifu wake kwa kazi. Hapo utungo unafikia kilele, na hapo hapo ndipo ninapoiona dosari yake. Mara kijana yule anageuzwa mfano: ni mmoja tu kati ya maelfu, na nyuma yake limesimama taifa ambalo, kwa imani ya mshairi, limeiacha njia ya Kanisa lake. Maiti imepewa kazi ya kuhubiri.

Miaka miwili baadaye bahari ilileta mtihani mgumu zaidi. Atalanta, nayo manowari ya mafunzo, iling'oa nanga Bermuda tarehe 31 Januari 1880 kuelekea Falmouth, ikiwa na watu 281, wengi wao vijana. Haikufika. Zilitumwa manowari kuitafuta, zikarudi mikono mitupu. Kijana wa Atalanta hana maiti ya kusifiwa wala saa ya kufa inayojulikana. Mshairi akimtungia wimbi la mwisho na ukelele wa mwisho, atakuwa amemzika kabla mama yake hajakata tamaa.

Fikihi imeyatenga mambo haya mawili: maiti hurithiwa, bali mali ya aliyepotea huwekwa mpaka kifo chake kithibiti au kadhi ahukumu. Mbolezi nayo yafaa iwe na adabu hiyo. Ya aliyezama yaweza kuuelekea mwili. Ya aliyepotea iwaelekee wanaongoja, ambao hawajui siku ya kukaa matanga wala ya kuyaondoa.

Hopkins mwenyewe anaifikia adabu hiyo mwishoni, anapoiacha maiti na kuwageukia mama, mke na mchumba wanaolia, akiwafundisha dua. Ubeti wake wa mwisho hautoi hukumu: kwa roho ambazo kuzama kwake ni kwa macho ya watu tu, dua yaweza kuleta rehema hata Siku ya Mwisho. Beti hizo hazihitaji maiti. Ningeulizwa zipi zifasiriwe kwa ajili ya mama wa kijana wa Atalanta, ningechagua hizo, na katika anwani ningeandika "kupotea".