Stratocaster: gitaa lililobuniwa na fundi redio

Fender Stratocaster ilipoingia sokoni mwaka 1954, swichi yake ilikuwa na vituo vitatu tu. Gitaa lenyewe lilikuwa na pikapu tatu, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba zinazokaa chini ya nyuzi, na kila kituo kiliwasha moja: ya karibu na shingo, ya katikati, au ya karibu na daraja. Kiwanda hakikukusudia mbili ziwake pamoja. Lakini wapiga gitaa waligundua kwamba ukiibana swichi katikati ya kituo na kituo bila kuiacha iangukie upande wowote, pikapu mbili hushika kwa mpigo, na sauti inayotoka haifanani na ya yoyote kati ya hizo mbili. Ni sauti nyembamba, inayong'aa bila kukwaruza sikio. Fender ilikubali yaishe mwaka 1977, ikaanza kufunga swichi ya vituo vitano. Ukitaka kuisikia sauti hiyo ikiwa peupe, msikilize Mark Knopfler katika "Sultans of Swing" ya Dire Straits.

Sababu yake ni ya kifizikia. Uzi ukipigwa hautikisiki sawasawa mahali pote. Karibu na shingo unayumba kwa upana, ndiyo maana pikapu ya pale hutoa sauti nene. Karibu na daraja, uzi unapoegemea chuma, mwendo ni mdogo na sauti hutoka kali. Pikapu mbili zikisikiliza uzi mmoja kutoka sehemu mbili, baadhi ya mitetemo huwa inapanda upande huu wakati inashuka upande ule. Ikichanganywa inafutana, na ile inayokwenda pamoja inaongezeana nguvu. Sauti inabaki imechongwa katikati. Wapiga gitaa wengi watakuambia kwamba pikapu hizo zimefungwa kinyume. Sivyo, zimefungwa sawasawa. Kinachokwenda kinyume ni baadhi ya mitetemo ya uzi wenyewe.

Nimeanza na swichi kwa makusudi, maana ukiuliza kwa nini watu wanalipenda gitaa hili utaambiwa habari za mbao, za rangi iliyozeeka, za mpiga gitaa Jimi Hendrix. Hizo zina nafasi yake. Hoja yangu ni kwamba Stratocaster ilipendwa, na bado inapendwa, kwa sababu ilitengenezwa na mtu mwenye akili ya karakana: alitengeneza chombo kinachofunguka, kinachorekebishika, na kinachomwachia mpigaji maamuzi ambayo hata yeye mbunifu hakuyafikiria.

Leo Fender, aliyezaliwa California mwaka 1909, alikuwa mtunza hesabu kabla ya kufungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton mwaka 1938. Gitaa hakujua kulipiga. Alichojua ni kwamba kifaa kikirudi dukani kimeharibika, fundi anataka kukifungua haraka, abadilishe kilichokufa, akirudishe kwa mwenyewe. Kwa kuwa hakuwa mpigaji, aliwasikiliza wapigaji. Wanamuziki wa kumbi za dansi za California walikuwa wakichukua magitaa ya majaribio, wanakwenda kuyapiga usiku, wanarudi na malalamiko. Gitaa lake la kwanza la umeme lililofanikiwa, ambalo tangu 1951 linaitwa Telecaster, lilikuwa na kingo kali kama ubao wa kukatia nyama, na wapigaji walilalamika kwamba linawachoma mbavuni na kuwakata mkono. Basi Stratocaster ikachongwa: nyuma pakabonyezwa mahali pa mbavu, mbele pakalainishwa mahali pa kuegemeza mkono, na pembe mbili zikakatwa ili vidole vifike juu kabisa ya shingo. Umbo hilo lilichorwa kwa sehemu kubwa na Freddie Tavares, mwanamuziki kutoka Hawaii aliyeajiriwa na Fender. Anayepiga kwa saa nne amesimama ataelewa thamani ya mchongo ule kuliko anayepiga nyimbo mbili akiwa amekaa.

Shingo ndipo unapomwona fundi redio waziwazi. Katika magitaa ya Gibson, washindani wakubwa wa Fender, shingo hugundishwa kwa gundi kwenye mwili, na kichwa hupindishwa kurudi nyuma. Ni kazi nzuri ya useremala. Lakini gitaa likianguka kifudifudi au chali, kichwa kile hukatika kwa urahisi, na mwenye gitaa atalia. Fender alifunga shingo kwa skrubu nne. Kichwa hakikupindishwa, kilichongwa kwenye ubao uleule bapa wa shingo, vifaa vya kukazia nyuzi vikapangwa sita kwa mstari upande mmoja, hivyo kila uzi unapita moja kwa moja bila kukunjwa pembeni. Uzi usiokunjwa hausuguani sana na kizibo cha juu, kile kipande chenye mifereji kinachopitisha nyuzi mwanzoni mwa shingo, na gitaa linashika tyuni vizuri zaidi. Shingo ikichakaa, unafungua skrubu, unafunga nyingine.

Ushahidi bora wa wazo hili ni gitaa jeusi la Eric Clapton aliloliita Blackie. Mwaka 1970 alinunua Stratocaster kadhaa za mitumba mjini Nashville kwa bei ya chini, akagawia marafiki baadhi, na kutoka katika tatu zilizobaki akachukua mwili wa hili, shingo ya lile, pikapu za jingine, akaunganisha gitaa moja. Hakuna seremala aliyehitajika. Mwaka 2004 gitaa hilo la vipande liliuzwa kwenye mnada wa Christie's, New York, kwa dola 959,500.

Urefu wa uzi nao una neno. Kutoka kizibo cha juu hadi daraja, uzi wa Stratocaster una milimita 648. Wa Gibson Les Paul ni takriban 628. Tofauti ni sentimita mbili tu, lakini kwa nyuzi za unene uleule zilizotyuniwa sawa, mvutano wa Fender unazidi kwa karibu asilimia 6. Kidole kinahitaji nguvu zaidi kuupinda uzi, na malipo yake ni noti inayotoka ikiwa imekaza, kila moja ikisikika peke yake hata ukipiga haraka.

Halafu kuna tremolo, mtambo wa kuyumbisha sauti, sehemu ambayo nadhani ndiyo ya kijanja kuliko zote na pia yenye kuudhi kuliko zote. Daraja lote linaegemea skrubu sita upande wa mbele. Nyuzi zimeshikwa kwenye bonge la chuma lililo ndani ya mwili, na nyuma ya bonge hilo kuna springi, hadi tano, zinazovuta upande wa pili. Nyuzi sita za kawaida huvuta kwa nguvu ya zaidi ya kilo 40, na springi lazima ziusawazishe mvuto huo. Ukibonyeza mkono wa chuma uliochomekwa kwenye daraja, mizani inavurugika, nyuzi zote zinalegea pamoja na sauti inashuka. Ukiachia, springi zinarudisha. Hank Marvin wa The Shadows alijenga jina lake kwa kuubembeleza mkono huo. Hendrix aliutumia kwa fujo kabisa. Ubaya wake ni kwamba uzi mmoja ukikatika, springi zinashinda, na nyuzi tano zilizobaki zinapanda sauti zote katikati ya wimbo. Clapton alikataa usumbufu huo, akaziba nafasi ya daraja kwa kipande cha ubao. Gitaa lilimruhusu.

Kasoro nyingine hazifichiki. Pikapu ya koili moja hunasa mtetemo wa uzi na hapohapo hunasa mngurumo wa umeme wa ukumbi. Marekani mngurumo huo huanzia mizunguko 60 kwa sekunde. Kwetu Afrika Mashariki ni 50, na kwenye ukumbi usio na waya wa ardhi unaoeleweka utausikia kabla hujapiga noti ya kwanza. Gibson ilipata dawa miaka ya 1950 kwa kuunganisha koili mbili zinazofutana mngurumo, lakini dawa hiyo iliondoka na sehemu ya ule ukali wa juu. Kasoro ya pili ni ya waya: katika mfungo wa asili, nobu mbili za kupunguza ukali zilihudumia pikapu ya shingo na ya katikati tu. Ile ya daraja, ambayo ndiyo kali kuliko zote, haikupewa ya kwake. Kwa maoni yangu huo ni uzembe. Hata hivyo fundi yeyote mwenye chuma cha kulehemu huurekebisha kwa waya mmoja mfupi.

Nobu ya sauti, kwa upande mwingine, iko mahali pake hasa, karibu na kidole kidogo cha mkono unaopiga. Unaweza kuiongezea noti nguvu ikiwa tayari imepigwa, bila kuinua mkono kwenye nyuzi. Sauti ya gitaa hili nayo ina faida yake. Katika bendi zenye magitaa ya solo, mi-solo na ridhim, kama zile za Kongo, kazi ngumu ya fundi mitambo ni kuyatenganisha magitaa yasilaliane. Pikapu kali za aina hii humsaidia, kwa sababu haziijazi nafasi ya besi wala ya mwimbaji. Simaanishi kwamba rumba ilijengwa kwa Stratocaster. Magitaa ya kila chapa yamepita katika bendi hizo. Nasema tu kwamba mahitaji ya muziki wa kucheza, California au Lubumbashi, yanakaribiana.

Jina nalo lina bei yake. Mwaka 1965 Leo Fender aliiuza kampuni kwa shirika la utangazaji la CBS kwa dola milioni 13. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wenye mali wapya walipunguza skrubu za shingo kutoka nne hadi tatu, na wapigaji wengi hadi leo hulaumu kipindi hicho kwa shingo zinazocheza. Wasimamizi wa kampuni waliinunua kutoka CBS mwaka 1985. Hofu ya zama za CBS ndiyo iliyopandisha bei ya magitaa ya kabla ya 1965 hadi mahali ambapo mpigaji wa kawaida hafiki. Kuhusu mbao, kumbuka kwamba Fender yenyewe ilibadilisha aina ya mti wa mwili mwaka 1956, kutoka ash kwenda alder, na watu hawakuacha kununua. Anayekuuzia gitaa kwa hadithi ya mti anakuuzia hadithi.

Kwa hiyo ukienda dukani na pesa kidogo, usianze na jina lililoandikwa kichwani. Squier, chapa ya bei nafuu ya Fender yenyewe, ina umbo lilelile na mpangilio uleule. Tazama shingo kwa jicho moja kutoka kichwani hadi chini kama imenyooka. Piga kila noti ya kila uzi usikie kama kuna inayokwaruza. Bonyeza tremolo mara kadhaa, kisha hakikisha tyuni imerudi. Shingo ikiwa nzuri, lichukue. Pikapu, waya na swichi utabadilisha taratibu mfuko ukiruhusu.