Pande Mbili za Postikadi

Wakusanyaji wengi wa postikadi za kale huzithamini kwa ajili ya picha au stempu zake. Sisi twaona kwamba mwalimu na mwanafunzi hawana budi kutazama pia maneno ambayo mtu tusiyemjua alimwandikia mwingine tusiyemjua.

Tuanzie karibu na hapa Buswelu. Picha ya Mwanza inayofahamika mno kwa wageni ni ile ya mawe yaliyosimama ziwani. Wajerumani waliyapa jina la Bismarck, kansela wao aliyefariki mwaka 1898 bila kukanyaga nchi hii. Basi jiwe lilipewa jina la mtu asiyelijua, na huku wenyeji waliopigwa picha enzi hizo mara nyingi wametajwa kwa kabila au kazi tu. Kasoro hiyo imo hata katika kazi za wapiga picha stadi, akina A. C. Gomes wa Unguja na Walther Dobbertin wa Dar es Salaam.

Tugeuze postikadi. Hiyo ni barua isiyo na bahasha, kila mkono uliyoipitisha uliweza kuisoma. Kabla ya Uingereza kubadili kanuni mwaka 1902, na Ujerumani mwaka 1905, upande wa nyuma ulikuwa wa anwani peke yake. Kwa hiyo salamu zilibanwa juu ya picha yenyewe, pembezoni au penye mbingu. Mgeni alieleza joto, homa na safari ya meli. Mtu aliye pichani, ambaye wino ulikaribia kumgusa, ni nadra kutajwa.

Tulinganishe na kanga. Nayo hubeba maneno yanayosomwa na kila mpita njia, ila mvaaji ndiye aliyeyachagua. Mwanamke wa Unguja aliyepigwa picha hakuwa bubu. Aliyemnunua kwenye karatasi ndiye hakujua kumsoma.

Wako wasemao kwamba masalio haya ya ukoloni yachomwe. Hatukubaliani nao, kwani tutateketeza pia ushahidi wa majahazi, nyumba na mavazi ya wazee wetu. Lakini kuyakusanya ili kupamba ukuta tu ni kurudia kosa la yule mgeni.

Kwa hiyo twashauri kila shule ianze na nakala moja ya picha ya kale ya mahali pake. Wanafunzi wa Ilemela waipeleke kwa wazee, waulize jina la Kisukuma la mahali hapo, la chombo na la vazi. Majibu yaandikwe pamoja na tarehe na jina la msimulizi. Pale ambapo hakuna anayemtambua mtu wa pichani, nafasi iachwe wazi, wala jina lisibuniwe. Huenda mjukuu wake akaja kuijaza.