Kadi ya Gari Haipo: Tulivyomtafuta Mwenye Jina

Mpwa wangu alinunua Toyota IST hapa Dar es Salaam kwa shilingi 9,500,000. Akakabidhiwa ufunguo, mkataba wa mauziano na ahadi kwamba kadi ingeletwa Jumatatu. Zikapita Jumatatu tatu. Hatimaye muuzaji akasema kadi imepotea, akampa na ushauri: nenda polisi, sema imekupotea wewe, chukua taarifa ya upotevu, TRA watakutolea nyingine.

Ushauri huo ulinitisha kuliko kukosekana kwa kadi yenyewe. Huwezi kupotelewa na kitu ambacho hujawahi kukishika. Maelezo ya uongo polisi ni kosa, na kosa lingekuwa la mpwa wangu, si la aliyemshauri. Isitoshe, yasingemfikisha mbali: anayeombewa kadi mbadala ni yule ambaye jina lake limo kwenye usajili, na jina la mpwa wangu halikuwamo.

Kwanza tulifungua boneti. Kwenye IST namba ya chesisi imegongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na kabini. Tulifuta vumbi na grisi kwa kitambaa, tukamulika kwa simu: NCP60, kistari, tarakimu saba. Herufi zilikaa sawa, rangi haikuguswa, hapakuwa na alama ya kuchomelea. Tukapiga picha. Kama namba ingekuwa imekwanguliwa, tungeishia hapo na kulikabidhi suala lote kwa polisi.

Muuzaji alipobanwa akatoa mkataba wake wa zamani. Alilinunua gari mwaka 2019 kwa mwalimu mmoja wa Morogoro, na hakuwahi kubadilisha umiliki. Alikaa nalo miaka, akaliuza, na muda wote huo gari lilisomeka kwa jina la mwalimu.

Mwalimu alitupokea kwa wasiwasi. Aliuza, akalipwa, akatoa kadi kwa mkono wake. Kwake habari ilikuwa imekwisha. Nilimweleza kwamba gari hilo likigonga mtu au likitumika katika uhalifu, mtu wa kwanza kutafutwa ni aliyeandikwa kwenye usajili. Alinyamaza kidogo, kisha akaingia ndani kutafuta namba yake ya mlipakodi. Toka hapo alikuwa upande wetu.

Kazi ngumu ilikuwa kupanga nani aseme nini. Muuzaji ndiye aliyeshika kadi mara ya mwisho, basi yeye ndiye aliyekwenda polisi kuripoti upotevu. Pia aliapa mbele ya wakili kwamba hakuiweka rehani popote. Hilo nililisisitiza sana, kwa sababu wapo watu wanaokopa kwa dhamana ya kadi, halafu wakauza gari huku kadi imelala kabatini kwa mkopeshaji. Mwalimu aliapa kwamba aliuza, akataja aliyemuuzia, kisha akaomba kadi mbadala kama mmiliki aliyesajiliwa. Mpwa wangu hakuapa chochote kuhusu kadi, maana hakuijua. Alionyesha mkataba wake na risiti ya malipo ya benki.

Palikuwa na njia ya mkato, na watu wengi huifuata: mwalimu aandikiane mkataba na mpwa wangu moja kwa moja, yule wa kati afutike. Niliikataa. Mwalimu hakupokea hata senti ya mpwa wangu, na mkataba unaosema alipokea ni karatasi ya uongo itakayomgeuka mmoja wao siku ya ugomvi. Tukabadilisha umiliki mara mbili, kutoka kwa mwalimu kwenda kwa muuzaji, kisha kwa mpwa wangu. Gharama za mara ya kwanza alizibeba muuzaji. Alilalamika, akalipa.

Mwalimu angekuwa amefariki, tungelazimika kusubiri mahakama imthibitishe msimamizi wa mirathi, kwa kuwa saini ya mtoto au mjane ambaye hajathibitishwa haihamishi gari la marehemu.

Kadi ilitoka ikiwa na jina la mpwa wangu. Tuliisoma tarakimu kwa tarakimu tukiilinganisha na ile picha ya chini ya boneti. Mwalimu alipopigiwa simu aliomba kitu kimoja tu, atumiwe nakala. Tulimtumia siku hiyo hiyo.