Nani Aliyepiga Picha? Sura za Watu wa Kaskazini mwa Tanganyika katika Kamera za Wasafiri

Mtu akisema, "Jana tulipiga picha," msikilizaji hawezi kujua kama msemaji alishika kamera au alisimama mbele yake. Bibi harusi hupiga picha, watoto wa shule hupiga picha siku ya kumaliza masomo, na yule mwenye kamera naye hupiga picha. Matumizi haya tumeyazoea mno hata hatuyatilii maanani. Lakini msafiri arejeapo kutoka mahali alipopaona kuwa pa mbali, maneno hubadilika: "Nilimpiga picha mzee mmoja." Hapa mtenda ni mmoja tu, na mzee amekuwa shamirisho. Makala haya yanakusudia kuitumia tofauti hiyo ya sarufi kuwa kipimo cha kuhakiki picha za sura za watu ambazo wasafiri wamezileta kutoka Afrika ya Kati, na yatapima mambo yake zaidi kwa kutazama kutoka Kavimvira.

Kavimvira ni sehemu ya kaskazini ya mji wa Uvira, pale barabara itokayo Bujumbura kwa njia ya Gatumba inapoingia Kongo. Upande mmoja kuna ziwa, upande wa pili milima ya Mitumba imesimama karibu sana, na mto Rusizi unamwaga maji yake jirani. Wavira, Wafuliiru, Wabembe, Warundi na wengine huelewana hapo kwa Kiswahili, kile ambacho husema *foto* pale wengi wetu tusemapo *picha*. Ni mahali pa forodha, pa samaki, pa mizigo na pa watu wapitao. Anayekaa hapo hawezi kuamini kwamba anakaa mbali. Kwake yeye kilicho mbali ni Kinshasa, na Brussels ni mbali zaidi. Kwa hiyo, tunaposoma kwamba picha fulani zilipigwa "sehemu za mbali", tumekwisha kuambiwa jambo kuhusu nyumbani kwa mpiga picha, wala hatujaambiwa lolote kuhusu aliyepigwa.

Pwani hii ina kisa cha zamani kinachofaa kutangulizwa, ingawa hakikuwa na kamera. Mnamo Aprili 1858 Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji, wakitaka kujua kama Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wenyeji waliwaambia kuwa unaingia. Jibu lilikuwa sahihi, lakini mjadala wa huko Ulaya uliendelea hadi Livingstone na Stanley walipofika mdomo wa mto mwishoni mwa mwaka 1871 na kuona maji kwa macho yao. Mwenyeji aliweza kusema. Hakuweza kuwa shahidi. Mimi naona kwamba tabia hiyo ndiyo iliyorithiwa na picha za wasafiri waliofuata. Sura ya mwenyeji ilihitajika, lakini kauli yake juu ya sura hiyo haikuhitajika.

Tuchukue mfano ulio wazi kuliko yote. Casimir Zagourski, Mpolandi aliyehamia Léopoldville katika miaka ya 1920, alizunguka Kongo na nchi za jirani, pamoja na Ruanda-Urundi, akatoa mfululizo mkubwa wa picha na postikadi alioupa jina *L'Afrique qui disparaît*, yaani Afrika inayotoweka. Hatuwezi kumnyima sifa ya ufundi. Mwanga wake huangukia shavu na shingo kwa namna ambayo wapiga picha wengi wa leo, wenye vyombo bora mara mia, hawaiwezi. Watu wake wametulia, wana haiba, na hakuna dharau katika jinsi lenzi inavyowaelekea. Hata hivyo, soma maandishi yaliyo chini. Utakuta kabila, utakuta mahali, mara nyingine utakuta neno "aina". Jina la mtu ni nadra. Mwanamke yule mwenye shingo ndefu alikuwa na mama aliyempa jina, na huenda siku ile alitoka shambani, au alikuwa na mgonjwa nyumbani. Postikadi imemgeuza kuwa kielelezo cha kundi. Kielelezo hakihitaji jina, kwa kuwa kazi yake ni kuwakilisha wengine wasiokuwapo.

Kichwa cha mfululizo ule nacho kinastahili kutazamwa. Nani alikuwa anatoweka? Watu wale walizaa, na wajukuu wao wako sokoni leo. Kilichokuwa kikitoweka ni mandhari ambayo mpiga picha aliyapenda, na tena yalikuwa yakitowekeshwa na utawala uleule uliomwezesha kusafiri. Mtu angedhani kwamba wazo hilo limezeeka pamoja na Ubelgiji ya kikoloni. La hasha. Mwaka 2013 Mwingereza Jimmy Nelson alitoa kitabu kikubwa, *Before They Pass Away*, yaani kabla hawajatoweka, chenye sura za watu wa jamii mbalimbali za dunia, wakiwamo Wamaasai. Mwaka uliofuata Stephen Corry, aliyekuwa akiongoza shirika la Survival International, alikipinga hadharani akisema kwamba kinatunga hadithi ya uongo juu ya watu hao. Kati ya vichwa hivyo viwili imepita zaidi ya nusu karne, na kamera zimebadilika kabisa, lakini maombolezo ni yaleyale, nayo yanafanywa juu ya watu walio hai.

Itakuwa si haki tukidai kwamba jicho hili ni la Wazungu peke yao. Wanafunzi wa fasihi yetu wanalijua kusanyo la Carl Velten, *Safari za Wasuaheli*, la mwaka 1901, ambamo Selim bin Abakari anasimulia safari yake ya Urusi na Siberia. Yeye naye aliwakuta watu wa mbali, akawaeleza kwa makundi, kwa nyumba zao, kwa vyakula vyao. Msafiri Mswahili huko Siberia na msafiri Mpolandi huku Kongo wanakutana katika uvivu mmoja: ni rahisi kuuliza "hawa ni watu gani?" kuliko kuuliza "wewe waitwa nani?" Tofauti yao ni kwamba maneno ya Selim hayakugeuzwa postikadi za kuuzwa.

Je, picha iliyokwisha kupigwa kwa namna hiyo inaweza kukombolewa? Msanii aliyelijibu swali hili kwa kina zaidi, kwa maoni yangu, ni Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi. Kati ya mwaka 1898 na 1900 msafara wa kisayansi ulioongozwa na Charles Lemaire ulipita Katanga ukiwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji wa rangi za maji, Léon Dardenne. Kazi zao zilihifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Baloji alizichukua akatengeneza kazi zilizoonyeshwa mwaka 2011, ambamo watu waliosimamishwa mbele ya kamera ya Michel wanawekwa juu ya michoro ya Dardenne. Mtazamaji hushtuka. Katika picha ya kwanza mtu yule alikuwa kitu cha kupimwa. Katika mchoro, nchi ilikuwa nzuri na tulivu. Vikiunganishwa, uzuri wa mchoro unaanza kutia shaka, na mtu anaonekana kuwa amesimama katika nchi yake mwenyewe akimtazama aliyekuja kumhesabu. Baloji hakuwapa majina watu wale, wala hakuwabunia, na katika hilo alifanya uaminifu. Alionyesha pengo mahali lilipo.

Mpaka hapa msomaji atadhani kwamba kipimo chetu ni jina tu: andika jina la mtu, nawe umetoka katika lawama. Ingekuwa hivyo kazi ya mhakiki ingekuwa nyepesi. Ni kweli kwamba jina lina nguvu. Picha maarufu ya mwaka 1904 aliyoipiga mmisionari Alice Seeley Harris inamwonyesha baba ameketi akitazama mkono na mguu uliokatwa wa binti yake, enzi ya mpira wa Leopold wa Pili. Tunajua kuwa baba ni Nsala na mtoto ni Boali. Majina hayo yaliifanya picha kuwa ushahidi, na mtu hawezi kuiita "aina ya Mkongo" bila kuona haya. Kwa upande mwingine, msichana wa Afghanistan aliyepigwa picha na Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi nchini Pakistan alitazamwa na dunia nzima kwenye jalada la *National Geographic* la mwaka 1985, na haikujulikana kwamba anaitwa Sharbat Gula hadi mwaka 2002. Miaka kumi na saba macho yake yalijulikana kuliko yeye.

Lakini turudi Kavimvira. Mwaka 2015 Burundi ilipoingia katika msukosuko, wakimbizi wengi walivuka mpaka huu, na hapo pakawa na kituo cha kuwapokea kabla ya kupelekwa kambini. Waandishi na wapiga picha huja mahali pa namna hiyo. Mkimbizi aliyekimbia watu wanaomtafuta hataki jina lake liandikwe chini ya sura yake, na pengine hataki hata sura. Hapo kuficha jina ni wajibu. Kwa hiyo ukimya wa maandishi ya chini waweza kuwa heshima au uzembe, na picha yenyewe haisemi ni upi kati ya hayo. Ndiyo sababu naona kipimo kiwekwe nyuma ya jina, kwenye kitenzi: je, aliyeonekana katika picha alikuwa na kauli? Aliyesema "usiandike jina langu" ameshiriki kuipiga picha ile sawasawa na aliyesema "andika, tena uliandike vizuri".

Kwa kipimo hicho, picha zilizosifiwa sana zaweza kuanguka. Richard Mosse wa Ireland alipiga picha Kivu ya Kaskazini na ya Kusini kwa filamu ya Aerochrome ya Kodak, iliyobuniwa kwa matumizi ya kijeshi ili kufichua maficho, ambayo hugeuza majani ya kijani kuwa ya rangi ya waridi. Kazi yake ilionyeshwa Venice mwaka 2013 ikasifiwa kwamba imeifanya vita iliyosahaulika ionekane. Nakiri kwamba milima yake ya waridi inashika jicho na kulisumbua, na wazo la kufichua kilichofichwa lina busara. Ila kazi kadhaa zimepewa majina ya nyimbo na albamu za watu wa Magharibi: *Vintage Violence* ni jina la albamu ya John Cale ya mwaka 1970, na *Men of Good Fortune* ni wimbo wa Lou Reed. Mzaha huo unaeleweka London na New York. Anayetoka katika milima ile, akiulizwa picha hii yaitwaje, atajibu nini? Hapa mahali pa jina hapakuachwa wazi. Pamejazwa kwa kumbukumbu za mpiga picha mwenyewe.

Wakati huohuo watu wa pwani hii wana picha zao wanazozijali. Walio wengi wana angalau moja iliyopigwa na serikali, kwenye kadi ya mpiga kura. (Kiswahili kimefanya mchezo hapa: mpiga kura ndiye mtenda, ijapokuwa siku ya kuandikishwa huketi kimya kama aliyeshtakiwa.) Tangu uandikishaji wa mwaka 2005, kadi hiyo imetumika Kongo badala ya kitambulisho cha taifa. Sura ni ndogo, haina tabasamu, mwanga wake ni mbaya. Lakini jina lipo, tarehe ya kuzaliwa ipo, na mwenyewe hukaa nayo mfukoni. Nimeona sura kama hiyo ikikuzwa studioni hadi kiasi cha karatasi kubwa, ikiwa na madoa yote ya kadi, ili iwekwe mbele ya waombolezaji kwa kuwa familia haikuwa na nyingine. Marehemu alikuwa mtu aliyependeza, na bila shaka wapita njia walikuwa wamempiga picha nzuri zaidi. Hakuna iliyorudi.

Mimi mwenyewe nimo katika hesabu hii. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama asubuhi pale Kavimvira mahali mitumbwi inapopakua ndagala, kamera ikiwa shingoni. Mzee mmoja aliniita: "Njoo, tupige foto." Kwanza alikwenda kuazima shati safi kwa kijana wake, akarudi, akasimama wima, simu yake mkononi ili ionekane. Nilipiga. Kisha nikamwomba aiweke simu chini, avue shati, ashike kasia, nikapiga tena. Alikubali kwa upole wa mtu anayemstahi mgeni, akauliza, "Utaniletea lini, baba?" Nikasema nitaituma kwa mtu wa Bujumbura.

Ile ya kwanza, ambayo alikuwa ameiandaa mwenyewe, niliifuta kwa kuona kwamba haina uzuri. Ile ya pili niliitundika katika maonyesho madogo ya chuo, na wenzangu waliisifu. Ninayo mezani ninapoandika haya. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu, pameandikwa: "Mvuvi, Kavimvira."