Mama Akidai: Filamu ya Air, Riwaya ya Kuli na Sakata la Fei Toto

Aprili 2023, filamu ya Air ya Ben Affleck ilipoingia kwenye majumba ya sinema, Watanzania tulikuwa na sinema yetu ya bure: sakata la Feisal Salum, Fei Toto, na klabu yake ya Yanga. Huku Lipingo, mwambao wa Ziwa Nyasa, jumba la sinema hatuna. Air niliiona baadaye kwenye kibanda umiza, palepale tunapolipia kuangalia mpira, na nikashindwa kabisa kuitenganisha na kesi ya Fei.

Hadithi ni ya mwaka 1984. Nike wanamtaka kijana Michael Jordan avae viatu vyao. Mama yake, Deloris, anakubali kwa sharti moja: mwanawe apate fungu katika kila jozi itakayouzwa. Viola Davis anayemwigiza hapazi sauti hata kidogo. Anaongea taratibu kama mtu anayepima mchele wake mwenyewe, na kampuni nzima inanywea. Ni sehemu bora kuliko zote.

Sasa tugeukie kwetu. Desemba 2022 Fei Toto alitaka kuvunja mkataba uliokuwa uishe Mei 2024, akaiingizia klabu shilingi milioni 112. Yanga wakazirudisha. Januari 2023 kamati ya TFF ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Mama yake aliposema hadharani kwamba mwanawe alikuwa anakula ugali na sukari, watu walicheka mpaka basi. Mama wa Marekani akidai, shujaa. Mama wa Zanzibar akidai, kichekesho! Hapo ndipo filamu hii ilinichoma.

Lakini siisifu yote. Michael mwenyewe hana uso. Ukiacha picha za zamani, tunamwona mgongo tu, maneno mawili matatu, basi. Filamu inayohusu thamani ya mchezaji inatukalisha ofisini na wauza viatu, tukiwaombea wao wafanikiwe. Halafu ujasiri wa mama unapendeza kwa sababu tayari tunajua Jordan alikuja kuwa nani. Anayegoma kikweli hajui kesho atakula nini.

Ndiyo maana niliirudia Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka 1979, inayohusu mgomo wa makuli wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Shafi naye anatuonyesha migongo, ile inayobeba mizigo, lakini Rashidi wake ana uso, ana njaa, ana hasira. Na anajifunza jambo ambalo Air hailigusi: kuli mmoja akigoma anafukuzwa, wote wakigoma meli haipakuliwi.

Utaniambia mchezaji wa mamilioni si kuli. Kweli, mfuko haufanani. Ila swali ni lilelile: nani ana uwezo wa kusema kazi hii basi, na akisema, nani anasimama naye? Fei alisimama peke yake na familia yake. Wenzake waliendelea kucheza, wakafika hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Siwalaumu, nao walikuwa na mikataba yao.

Mwisho wake tunaukumbuka. Juni 2023, Ikulu, Rais Samia aliwataka Yanga walimalize suala lile, na siku chache baadaye Fei akawa mchezaji wa Azam. Kama shabiki, nilifurahi. Kama msomaji wa hadithi, naona mwisho ule ni dhaifu: mkubwa anatokea, fundo linafunguka, pazia linashuka. Mbelgiji Jean-Marc Bosman alipata hukumu ya mahakama tarehe 15 Desemba 1995, na tangu hapo mchezaji wa Umoja wa Ulaya anayemaliza mkataba anahamia klabu nyingine ya huko bila ada. Yeye alishinda kwa ajili ya wote. Sisi tulipata hisani, kanuni hatukuipata. Kijana anayecheza mchangani hapa Lipingo, akiletewa mkataba kesho, sakata lile halimwachii hata mstari mmoja wa kushika.

Riwaya ya sakata hilo naisubiri, na naomba mwandishi wake ampe mchezaji uso na amwache mama aongee bila kuchekwa. Kwa sasa, Air itazame kwa ajili ya Viola Davis. Kuli isome kabla hujasaini chochote.