“Inaoza”: Wapi, Lini, na kwa Joto Gani?

Mwaka juzi nilimpa shangazi yangu ushauri ambao mpaka leo unaniuma. Anauza juisi ya miwa kule Temeke, na alikuwa amechoka kuona vikombe vyake vya plastiki vimezagaa mtaroni. Nikamwambia, shangazi, nunua vile vilivyoandikwa “vimetengenezwa kwa mimea, vinaoza”. Akanunua, na bei yake ilikuwa juu kuliko ya vile vya kawaida. Kabla ya masika akawa anafukia vilivyotumika kwenye shimo la maganda ya miwa nyuma ya nyumba. Mwezi wa kumi akachimbua apate mbolea ya mchicha. Maganda yalikuwa yamegeuka udongo mweusi, mzuri kabisa. Vikombe vikatoka vizima. “Mwanangu,” akaniuliza, “hiki ndicho mnachosomea huko?”

Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa siku ile. Pia ni lawama, kwa wauzaji na kwa sisi tunaoandika habari za sayansi, maana tumelizungusha neno “inaoza” kana kwamba ni tabia ya kitu chenyewe, kama rangi au uzito. Sivyo. Kuoza ni jambo linalotokea kati ya kitu na mahali kilipo.

Tuanze na kikombe chenyewe. Kilikuwa cha plastiki inayoitwa PLA. Kwamba imetokana na mimea si uongo: wanga wa mahindi au sukari ya miwa huchachushwa na bakteria, inapatikana asidi ya laktiki, ile ile inayoyapa maziwa mgando ukali wake, kisha molekuli zake zinaunganishwa kuwa mnyororo mrefu, yaani polima. (Kwa hiyo huenda shangazi alikuwa anauza juisi ya miwa ndani ya miwa.) Tatizo liko kwenye kuukata mnyororo huo. Kwanza maji yaukate vipande vifupi, ndipo vijidudu vianze kula. Chini ya nyuzi joto 55 hadi 60 hivi, minyororo ya PLA imekaza, haichezi, na maji yanafanya kazi yake polepole mno. Ndiyo maana kipimo cha Ulaya cha plastiki za mboji, EN 13432, kinategemea majaribio yanayofanywa kwenye nyuzi 58, na kinataka asilimia 90 ya kaboni iwe imegeuka hewa ya ukaa ndani ya miezi 6. Kikombe kinachofaulu mtihani huo kimefaulu kweli, ila kimefaulu kwenye mtambo wa mboji. Udongo wa Temeke hata Januari uko kama nusu ya joto hilo. Na taka za jiji, kama unavyojua, zinaishia dampo la Pugu Kinyamwezi, siyo kwenye mtambo.

Sasa zile video. Bila shaka umetumiwa moja: mtu anatumbukiza mfuko wa mhogo kwenye glasi ya maji ya moto, anakoroga, unapotea, anakunywa. Watu wanapiga makofi. Lakini sukari nayo inapotea kwenye chai, na hakuna anayesema imeoza. Kuyeyuka ni molekuli kutawanyika majini, kuoza ni vijidudu kuzivunja na kuzila. Video inakuonyesha la kwanza ili uamini la pili.

Mimi mwenyewe nimepika plastiki ya mhogo maabara. Unachanganya wanga, maji na gliserini kidogo, unakoroga motoni mpaka iwe kama uji mzito, unaimwaga kwenye kioo, unaacha ikauke. Inatoka utando laini, unaona hadi upande wa pili. Nilijisikia mgunduzi kwa muda wa siku nne hivi. Kisha ikaja mvua, unyevu ukapanda, utando ukaanza kunata vidoleni. Kipande kingine nilichokiacha kwenye chumba chenye kiyoyozi kikakakamaa kama chapati ya juzi. Hapo ndipo penye ugumu wenyewe: wanga unaoza vizuri kwa sababu unapenda maji, na kwa sababu hiyo hiyo haufai kubebea samaki. Viwanda vinautibu kwa kuuchanganya na polima nyingine, mara nyingi PBAT, ambayo inaoza lakini kwa kawaida inatokana na mafuta ya petroli. Upande wa pili, huko Brazil wanatengeneza polietilini kutokana na miwa tangu 2010, na haiozi hata kidogo. Kwa hiyo “imetoka kwenye mmea” na “inaoza” ni maswali mawili tofauti kabisa.

Kwenye protini ndiyo utacheka zaidi. Mwaka 1899 Wilhelm Krische na Adolf Spitteler waliandikisha hataza ya plastiki ya kaseini, protini ya maziwa. Krische alikuwa mchapaji aliyekuwa akitafuta ubao mweupe wa shule. Waliigandisha kaseini kwa formaldehaidi, ambayo inafunga minyororo ya protini pamoja kiasi kwamba maji hayaivimbishi kirahisi. Wakaiita Galalith, kwa Kigiriki maana yake ni maziwa-jiwe. Vifungo vya nguo vilivyotengenezwa nayo bado viko kwenye makasha ya wakusanyaji leo. Maziwa yale yale ambayo ukiyasahau mezani usiku mmoja yanaharibika!

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa Imogen Napper na Richard Thompson wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, uliotoka 2019. Walichukua mifuko ya dukani, wakaifukia, wakaitumbukiza baharini, wakaiacha hewani. Mfuko ulioandikwa kwamba unaoza, baada ya miaka 3 udongoni na baharini, bado ulibeba manunuzi. Ule wa mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi 3, lakini udongoni ulikuwepo bado baada ya miezi 27, ingawa ukiutia mzigo unachanika. Mfuko mmoja, majibu mawili.

Sisemi tuachane na plastiki za mimea, nazifanyia kazi kila siku. Ila Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, sisi Juni 2019, na kila mlango unaofungwa kuna mtu anasimama pembeni na bidhaa mbadala. Anayeuza kitu “kinachooza” aandike pale pale kwenye kifungashio: mahali gani, joto gani, muda gani. Akishindwa kuandika, neno hilo alifute.

Vikombe vitatu vya shangazi nilivichukua. Kimoja nimekizika kwenye mboji yenye unyevu ndani ya tanuri la maabara, nyuzi 58 usiku na mchana. Wiki ya sita kilikuwa kinavunjika kama ganda la yai. Nikampelekea vipande, nikitegemea sifa zangu zirudi. Akavigeuzageuza kiganjani, akaniuliza umeme wa hilo tanuri analipa nani.