Jicho la Msomaji wa Kwanza

Mtu akikuletea kurasa mbili tatu alizoandika kuhusu kijiji chao au harusi ya dada yake, aghalabu atakuuliza swali moja tu: "Umeionaje?" Nasi tunamjibu, "Nzuri sana, hongera." Anaondoka amefurahi, na mswada unabaki vilevile ulivyokuja. Kwa miaka mingi mimi na wenzangu tumekuwa tukisomeana maandishi ya namna hii, habari za maisha yetu wenyewe kabla hazijafika kwa watu, na nimeamini kwamba kutoa maoni nako ni ufundi. Yapo maoni yaliyofanyiwa kazi, na yapo ya kulipua. Aliyezoea huyatofautisha upesi, kama seremala anavyoukagua mlango kwa kupitisha kidole kwenye maungio.

Washairi wetu walilijua hili mapema kuliko sisi wa nathari. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Tanganyika mwaka 1923, lilichapisha mashairi ya wasomaji wake, na hadhira ya ushairi ilikuwa hadhira yenye masikio makali. Kaluta Amri Abedi alipotoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954, aliziweka kwenye maandishi kanuni ambazo watunzi walikuwa wakipimana kwazo. Shairi lenye kasoro ya vina au mizani lina jina lake: guni. Neno moja, na kila mtu mwenye fani anajua aangalie wapi.

Chukua mstari huu niliouunda kwa ajili ya mfano: "Nimerudi kwetu leo, nyumba ninaiona ndogo." Usome kwa sauti, utakwama. Hesabu kwa vidole: kipande cha kwanza kina mizani 8, cha pili kina 9. Msikilizaji asiye na ujuzi atasema mstari haujakaa sawa, kisha atanyamaza. Mwenye ujuzi atasema, "Kipande cha pili kimezidi mizani moja, angalia hapo kwenye 'ninaiona'." Mtunzi anaweka "naiona", nane zinatimia, wanaendelea. Hakuna aliyeumia, kwa sababu maoni yaligusa silabi moja.

Hiyo ndiyo alama ya kwanza ninayoitafuta katika maoni yoyote: yawe na mahali. Maoni yanayoweza kusemwa juu ya mswada wowote duniani ("ongeza mvuto", "lugha ni tamu", "imenigusa") hayajausoma mswada wako. Hata sifa lazima ziwe na mahali. Ukiniambia umeipenda aya ya tatu, nitajua nisiiguse.

Katika nathari hakuna mizani za kuhesabu kwa vidole, lakini msomaji anacho kipimo: yale yaliyompata aliposoma. Alirudia sentensi mara mbili. Aliruka aya. Aliacha kusoma akaangalia simu. Hayo ni mambo ya kweli, na mwandishi hawezi kuyabishia. Mwenzetu mmoja aliwahi kutuletea kumbukumbu za mama yake, aliyekuwa akiuza vitumbua. Ilianza hivi: "Mama alikuwa mwanamke mwenye upendo mwingi na bidii isiyo na kifani." Wawili kati yetu waliisifu. Wa tatu, dada mpole ambaye huongea mara chache, alisema: "Hapa mwanzoni mimi mama sikumwona. Nilimwona ukurasa wa pili, pale anapohesabu vitumbua mara mbili kabla ya kuvifunika kwa kitambaa." Basi. Hakumwambia afute wala ahamishe. Juma lililofuata mama alikuwa amekaa mstari wa kwanza, anahesabu vitumbua, na upendo na bidii havikutajwa popote. Havikuhitajika tena.

Huo nauita ustadi. Alieleza alichokiona na asichokiona, dawa akamwachia mwenye mswada. Hapa ndipo wasomaji wengi wazuri, hasa wale ambao nao ni waandishi, wanapoharibu. Wanashika kalamu na kuandika upya. Katika mswada mwingine palikuwa na sentensi ya maneno mawili baada ya wageni wa msiba kuondoka: "Nyumba ikanyamaza." Msomaji mmoja, kwa nia njema kabisa, aliikata akaandika juu yake: "Nyumba iligubikwa na ukimya mzito." Angalia kilichotokea. Nyumba iliyokuwa hai, inayoweza kunyamaza kama mtu, imebandikwa maneno ambayo kila msomaji ameshakutana nayo mara mia. Ukipokea marekebisho ya namna hii, jiulize sentensi mpya inafanana na nani. Ikifanana na aliyekurekebishia, mshukuru, lakini usiitumie.

Kuna maoni mengine yenye mahali, tena ya kweli, lakini hayafai. Euphrase Kezilahabi alipochapisha Kichomi mwaka 1974, wapenzi wa ushairi wa jadi walilalamika kwamba mashairi yake hayana vina wala mizani. Walisema kweli. Lakini mtunzi alikuwa ameviacha kwa makusudi, kwa hiyo kumhesabia mizani kulikuwa sawa na kupima maziwa kwa rula. Kabla ya kusema kitu kimepungua, mhakiki mzuri huuliza mwandishi alikuwa anaelekea wapi. Mtu akiandika barua kwa marehemu babu yake, usimdai takwimu.

Niseme kidogo kuhusu adabu, kwani inatukwamisha sana. Tumelelewa tusimwaibishe mtu, na neno lenyewe "kukosoa" linatisha kwa sababu ndani yake tunasikia kosa. Lakini litazame jinsi lilivyoundwa. Choma, chomoa. Kosa, kosoa. Ni kutendua. Anayekukosoa analitoa kosa kama anayechomoa mwiba mguuni, na mwiba hautolewi kwa kumsifu mwenye mguu. Adabu ibaki kwenye sauti na mahali pa kusemea: mswada wa mtu mzima hausemwi mbele ya watoto wake, na shikamoo haiachwi kwa kuwa leo wewe ndiye mhakiki. Ila kasoro itajwe.

Kwa anayepokea, shida kubwa ni mdomo. Mtu akisema hajaelewa, sisi tunaruka: "Hapana, hapo nilimaanisha..." Mimi mwenyewe niliwahi kutetea insha yangu kuhusu baba kwa karibu saa nzima, nikaeleza vizuri mno, wenzangu wakaelewa mno, na insha ikatoka vilevile bila maelezo yale. Wasomaji wake hawakuwa na mimi pembeni. Siku hizi naandika wanayosema na sijibu isipokuwa nimeulizwa. Usiku ule siugusi mswada. Asubuhi maoni yaliyoniudhi zaidi huwa ndiyo ninayoanza nayo, maana ya ovyo huwa nimeshayasahau.

Wasomaji wawili wakisimama mahali pamoja na kila mmoja akitoa dawa tofauti, amini mahali, tilia shaka dawa zote mbili. Mmoja atasema urefushe, mwingine ufupishe. Mara nyingi tatizo liko aya moja juu, ambapo uliahidi jambo halafu ukaliacha njiani.

Na acha kuuliza "Umeionaje?" Swali hilo linaomba hongera, na hongera ndiyo utakayopewa. Uliza: Ulichoka wapi? Wapi ulirudi nyuma? Ungeulizwa kesho, ungekumbuka nini? Ukimuuliza mtu asiye mwandishi, ni bora zaidi, kwani hatajaribu kukuandikia.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote hakihitaji maoni hata kidogo. Nampa mtu mswada ambao hajawahi kuuona, namwomba anisomee kwa sauti, nami nakaa na nakala yangu na penseli. Sisemi kitu. Akijikwaa kwenye neno, naweka nukta pembeni. Akishusha sauti kama anayesoma tangazo, naweka nukta. Pale anapocheka, au anaposita kidogo na kuendelea polepole, naweka mstari. Mara ya mwisho ilikuwa kurasa nne, na ukurasa wa tatu ulijaa nukta kuanzia juu hadi chini. Yeye aliporudisha karatasi alisema ni nzuri sana, hongera. Nilimshukuru kwa dhati, nikaenda kuuandika upya ukurasa wa tatu.